Soko la Umeme Lapiga Hodi Chikongola

Usiku wa kuamkia jana niliota kwamba soko la umeme limefunguliwa na mimi sikualikwa kwenye ufunguzi. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mimi Somoe, ambaye hapa Chikongola, Mtwara, haijapita shughuli bila mimi kukaa jikoni au karibu na jiko, habari ya soko zima naletewa na mita.

Mita yangu ya luku, hii ya kulipia umeme kwanza, iko sebuleni, ukutani, juu ya kochi kubwa. Ndotoni ilikuwa palepale, ila ilikuwa imevaa miwani na kufunga tai.

"Bi mkubwa," ikaniambia, "kuanzia leo kila nyumba inajichagulia wa kuiuzia umeme. Zamani muuzaji alikuwa mmoja, umpende usimpende, ndiye huyohuyo. Sasa wapo wengi. Watakuja mlangoni wenyewe kujinadi."

"Waje. Viti vipo."

"Kuna sheria zake, ngoja nikusomee."

"Utanisomea wakishakaa. Huwezi kuanza kusoma sheria na wageni wako njiani."

Mita ikavua miwani, ikaifuta, ikaivaa tena. Niliona haikufurahi, lakini mita zote ndivyo zilivyo.

Niwaeleze nyumba yenyewe kidogo, maana bila nyumba hii ndoto haieleweki. Ni vyumba sita, nimeachiwa na shangazi yangu, na mita ni hiyo moja. Sebule ni ya wote. Fadina, mpangaji wa chumba cha pili, ni msusi, na wateja wake huwasukia hapo sebuleni kwa sababu feni iko hapo na maneno yako hapo. Mzee Likapa, aliyefanya kazi kwenye ghala la korosho mpaka akastaafu, kona ya dirishani ni yake yeye na redio yake. Wengine wa vyumba vya uani huingia na kutoka, kila mmoja na watu wake. Tangu nafungua mlango asubuhi mpaka naufunga, sijui kimya kina sura gani. Chumba kimoja kikikaa kitupu wiki nzima, kichwa kinaniuma mimi.

Basi ilikuwa saa nne asubuhi, jua limekolea, Fadina ana kichwa cha mteja katikati ya magoti, Mzee Likapa anabishana na mtangazaji wa redio. Mlangoni pakabishwa.

"Hodi."

"Karibu," nikasema.

Mita ikakohoa.

Akaingia bwana mrefu, suti ya kahawia, uso kama mlango uliofungwa. "Naitwa Beimoja," akasema. "Bei yangu haipindi kwa miaka mitatu. Mvua, jua, vita, bei ni ileile."

"Kaa basi, Bwana Beimoja."

"Sikai. Sipindi."

Tukaangalia tukaona kweli, magoti hana. Nikasaidiana na Mzee Likapa, tukamwegemeza ukutani karibu na kabati la vyombo. Chai akanywa kwa mrija. Akashukuru bila kuinamisha kichwa. Akanipa mkataba wake, karatasi ya moto kama chapati iliyotoka kikaangoni, nikaiweka kwenye sinia.

"Hodi jamani."

"Karibu, karibu sana."

Mita ikakohoa tena, safari hii mara mbili.

Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye dera zuri, jina lake Bi Pandashuka. Alipoingia kichwa chake kilikuwa usawa wa kochi. Fadina akaongeza spidi ya feni kwa heshima ya mgeni, na Bi Pandashuka akapanda hewani taratibu, mpaka mgongo ukagusa dari.

"Msijali," akasema kutoka huko juu. "Watu wakitumia sana napanda, wakitumia kidogo nashuka. Njooni alfajiri, mtanikuta sakafuni kabisa, mnanichukua kwa bei ya kutupa."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi msiniulize. Lakini huku juu naona hadi uani kwa jirani yenu. Yule anayesema hana mchele, anao."

Nikampenda palepale. Mkataba wake aliudondosha, nao wa moto vilevile.

Wa tatu hata hodi yake sikuisikia vizuri, ilikuwa pazia tu limecheza, lakini mimi hata nikiwa bafuni nikisikia kitu kama hodi najibu karibu. Akaingia jamaa mwembamba, shati limejaa hewa, anaitwa Upepo. Akipumua, taa inawaka. Akitafuna tonge, taa inazima. "Umeme wangu ni safi," akasema, taa ikawaka. "Hauchafui hewa. Hewa ni mimi." Akachukua kipande cha muhogo. Taa ikazima. Tukangoja ameze, naye akaupeperushia mkataba wake kwenye sinia.

Wa nne akapiga hodi kwa kugonga chuma.

"Karibu."

Mita haikukohoa tena. Ilifumba macho.

Ulioingia ulikuwa mtungi, unaruka kwa kitako, pu, pu, pu, mpaka katikati ya sebule. "Niaje, sista," ukasema. "Mimi Gesi. Gesi asilia. Mtungi wenyewe nimeazima ili niwe na umbo, mnisamehe, mtaa wenu bado hauna bomba. Nyumbani napikia, mitamboni nawasha majenereta. Umeme wa taa zenu mwingi naupika mimi. Nimekuja kinoma."

Fadina akaacha kusuka. "Gesi wa wapi wewe?"

"Wa hapahapa Mtwara. Nilizaliwa chini ya bahari, hapo jirani."

"Mbona unaongea kama umezaliwa Kariakoo?" nikamuuliza. "Umepanda bomba ukaenda Dar, leo unarudi unaniita sista. Dada zako umeshawasahau jina?"

Mzee Likapa akacheka mpaka redio ikanyamaza imsikilize. Gesi akazungusha koki yake kidogo kwa aibu. Akaweka mkataba wake kwenye sinia juu ya ile mingine.

Hapo mimi moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nyumba imejaa, mmoja kasimama, mmoja kaelea, mmoja yupo na hayupo, mmoja chuma. Chai inazunguka. Nikamwambia Fadina akate muhogo mwingine.

"Sasa nisome?" ikauliza mita.

"Soma."

"Sheria ya kwanza. Muuzaji akibisha hodi na mwenye nyumba akasema karibu, hiyo ni sahihi. Amekubali."

Nikaiangalia. "Karibu ni salamu."

"Kwako ni salamu. Sokoni ni sahihi. Umesaini mara nne, bi mkubwa, na mmoja umemwongezea 'sana'."

"Sheria ya pili?"

"Nyumba yenye wauzaji wanne inagawanywa mara nne. Fadina ni wa Beimoja. Mzee Likapa ni wa Bi Pandashuka. Vyumba vya uani ni vya Upepo. Wewe umebaki na Gesi. Sheria ya tatu, mwanga ulionunuliwa kwa muuzaji mmoja hautamwangukia mteja wa mwingine."

"Huu ni mchana. Kuna jua."

"Jua linangoja leseni."

Nageuka kumwambia Fadina asikilize vituko. Fadina hayupo. Kochi lipo, kitana kipo, mteja hayupo, Fadina hayupo. Nasikia vidole vyake vinasuka, chwi chwi chwi, ila sivioni. Naita, "Fadina." Ananijibu kutoka karibu sana, "Da Somoe, mbona umeondoka?" Nipo mbele yake, nanyoosha mkono, nashika hewa.

Namtazama Mzee Likapa. Kiti chake kimebaki na alama ya makalio. Redio yake midomo inacheza, sauti haitoki. Uani naona nguo zinafuliwa na mikono isiyokuwepo.

Nyumba ilikuwa imejaa watu nami nimebaki peke yangu na mtungi.

Sijawahi kuogopa namna ile, na mimi nimeshawahi kufukuzwa na mbwa wa polisi.

"Hii inarudishwaje?" nikaiuliza mita.

"Mkataba ukiwa bado wa moto unaweza kumrudishia mwenyewe. Ukishapoa umekuwa chuma, mpaka miaka yake iishe. Gusa sinia."

Nikagusa. Bado inaunguza, lakini si kama mwanzo.

"Namrudishiaje?"

"Unamwambia aondoke."

"Namwambia nani?"

"Mgeni."

Katika nyumba hii mgeni hajawahi kuambiwa ondoka. Shangazi alikuwa na mwizi aliyemkamata chini ya kitanda, alipofika mjumbe kumchukua ilibidi angoje mwizi amalize uji. Mimi mwenyewe nilikaa na shemeji yangu miezi saba, alikuja kwa kikohozi cha siku mbili. Neno hilo mdomoni mwangu halina hata pa kukaa.

"Siwezi," nikasema.

"Basi wapoteze watu wako," ikasema mita, si kwa ubaya, ilikuwa inasoma tu.

Nikatoka nje kutafuta ushauri. Nje haikuwa uani kwangu, ilikuwa uwanja wa mpira, jukwaa limejaa nguzo za umeme. Zimeketi, zinatazama uwanja mtupu kwa makini. Nguzo ya mbele ya nyumba yangu, ile iliyopinda kidogo, ilikuwa imeniwekea nafasi kwa kutandika leso.

"Kaa, mke wangu," ikasema. Nguzo hii ina utani na mimi, iko hapo kabla sijavunja ungo.

"Mume wangu, nina wageni wanne na sijui nimchague nani. Wewe unasikia yote. Niambie habari zao."

Nguzo ikatazama kushoto na kulia. Nguzo haiwezi kusema siri bila kutazama kushoto na kulia, na waya zote zinafuata.

"Kwanza ujue kitu kimoja. Wote wanne wananipitia mimi. Waya ni uleule, umeme ni uleule. Ukimchukua huyu ukimwacha yule, kinachofika kwako nimekibeba mimi begani. Taa haitajua."

"Sasa mimi nachagua nini?"

"Unachagua wa kugombana naye."

Hilo lilikuwa neno. Nikasogea.

"Beimoja," ikaendelea kwa sauti ya chini, "si mtu mbaya. Lakini kule soko hili lilikoanza zamani, kuna mama mmoja alimchukua, baadaye bei za wenzake zikashuka, mama akasema basi, nataka kutoka. Beimoja akasimama mlangoni. Nyumba nzima ikaanza kutokea dirishani, mpaka leo wana makovu ya magoti. Bi Pandashuka ana moyo mzuri, tatizo lake ni joto. Kulekule, mwezi wa kumi na moja uliopita, alipanda mpaka akatoboa bati, wakamkuta kwenye mnazi. Upepo huyo mpole, hana neno, ila ana marafiki huko baharini, wakimwita anaondoka bila kuaga, na wewe una wali nusu jikoni."

"Na Gesi?"

"Gesi wakati anaondoka hapa alilia njia nzima. Bomba lilikuwa linatetemeka. Nguzo za Lindi zilisikia, nguzo za Somanga zilisikia. Kule hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Hayo maneno ya Kariakoo amejifunza ili wamuelewe."

"Mimi nimemcheka."

"Nimesikia. Uwanja mzima umesikia."

Nikainuka. Nguzo zote zikasimama kwa heshima, na uwanja ukawa mlango wa sebule yangu, nami niko ndani.

Wageni wako walipokuwa. Nagusa sinia. Mikataba ina joto la mtoto aliyetoka kuoga, si zaidi. Nasikia vidole vya Fadina bado vinasuka, na sauti yake inasema polepole, "Da Somoe hajarudi?" Hakuna wa kumjibu, kwa sababu Mzee Likapa naye hamwoni.

Ndipo nikafanya kitu bila kufikiri. Nilivuta kanga yangu kwenye msumari, nikajitanda, nikasema, "Haya jamani, na mimi niwasindikize."

Mnajua wenyewe. Mwenyeji akishajitanda kanga akasema nikusindikize, hakuna mgeni aliyelelewa akabaki amekaa. Hajafukuzwa. Amepewa heshima. Lakini anainuka.

Bwana Beimoja akasema, "Ndiyo, saa zimekwenda." Bi Pandashuka akaanza kutafuta viatu, ingawa alikuwa hagusi sakafu.

Mita ikashtuka, ikafungua kitabu chake, ikafunua kurasa mbele na nyuma. "Kusindikiza hakumo," ikasema.

"Kama hakumo, hakukatazwa."

Ikafikiri. "Endelea," ikasema.

Nikaanza na Beimoja. Nikambeba begani kama ubao, mkono mmoja nimeshika mkataba wake, tukafika njia panda. Nikamsimamisha chini, nikasema kama ninavyosema kwa mtu yeyote, "Haya, karibu tena."

Nikajikuta sebuleni, na Beimoja ameegemea ukuta karibu na kabati.

"Umesaini upya," ikasema mita.

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kumbeba tena si kitu. Kumfikisha mtu njia panda, ukamwangalia usoni, ukafunga mdomo, ndiyo kazi. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikaling'ata. Nikasema, "Wasalimie huko," basi. Beimoja akangoja kidogo, maana hata yeye alijua kuna kitu kimebaki. Halafu akajikita ardhini pale njia panda, akawa bango lisilo na maandishi. Mkataba wake mkononi mwangu ukawa chapati. Nikala nusu njiani.

Nikaingia ndani, nikamwona Fadina, kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Ilinitosha kwa wakati ule.

Bi Pandashuka nilimsindikiza kwa kumshika pindo la dera, kama mtoto na tiara yake. Njia nzima ananieleza nani kaanika nini. Ilibidi nimkatize kwa sababu mkataba ulikuwa unapoa na habari ilikuwa nzuri. Pale njia panda palikuwa na kivuli, akashuka hadi usawa wa bega langu. "Umenisindikiza saa yangu nzuri," akasema. Nikamshika mkono, nikamwambia awasalimie. Jua likatoka nyuma ya wingu akapanda, akapanda, mpaka akawa kidoti cha rangi. Nyuma yangu nikasikia redio ya Mzee Likapa inasoma matokeo ya mpira na yeye anasema huo ni uongo.

Upepo sikumsindikiza. Nilipogeuka kumwambia twende, alikuwa ameshaenda, na mkataba wake na foronya yangu moja. Uani mikono ikapata wenyewe, wakawa wanafua na kucheka.

Akabaki Gesi.

"Mimi nisindikizwe wapi," akasema, na hakusema sista. "Kwetu hapa."

"Wenzako nimewasindikiza. Nikikuacha wewe nitaambiwa nina upendeleo."

"Bi mkubwa," ikaita mita, "huyo akienda bila mwingine kuja, nyumba haina muuzaji. Mwanga hautamwangukia mtu yeyote. Nakwambia mapema, ili usije kusema sikusoma."

Lakini nilikuwa nimeshajitanda, na mtu akishajitanda hajitandui. Tukatoka. Mimi miguu, yeye kitako, pu, pu, pu. Mkataba wake ulikuwa mkononi mwangu, uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Nilijua kwamba nyuma yangu Fadina ameanza kufifia tena kwenye vidole, na kwamba nikifika njia panda nikasema awasalimie, kazi imekwisha na watu wangu wamekwisha. Na bado nilikuwa simwamini. Mtu aliyeondoka mara moja anajua njia.

Njia panda, chini ya bango la Beimoja, nikasimama. Nikafungua mdomo.

"Subiri, dada," Gesi akasema. "Umenileta mbali. Na mimi nikurudishe kidogo."

Nikamwangalia.

Wale wengine hakuna aliyesema hivyo. Hawakujua kwamba inasemwa. Ukisindikizwa, kama umelelewa huku, humwachi mwenyeji arudi peke yake na kanga yake. Unamrudisha hatua chache. Yeye naye akiona umemrudisha hadi mlangoni, hawezi kukuacha hapo, anakutoa tena. Mimi na marehemu somo yangu tulishawahi kusindikizana tangu adhuhuri mpaka maziwa yakachacha.

Tukarudi. Mlangoni nikasema, "Haya, siwezi kukuacha hapa." Tukaenda tena. Njia panda akasema, "Siwezi kukuacha hapa." Tukarudi. Ananihadithia jinsi bomba lilivyo refu, jinsi alivyopita chini ya miji akasikia watu wanakula juu yake na hakuna wa kumkaribisha. Maneno ya Kariakoo yalikuwa yanamdondoka mojamoja njiani, mpaka akabaki anaongea kama kaka yangu.

"Utaondoka tena?" nikamuuliza tukiwa tunakwenda kwa mara ya tatu.

"Nitakuwa nakwenda. Nina watu kule pia, majiko yao yananingoja. Lakini nikienda nitaaga."

"Ukipandisha bei?"

"Nitakuja sebuleni nikwambie usoni. Utanitukana, nitanyamaza, tutakunywa chai."

Huyo ni mtu wa kugombana naye.

Kwa mbali mita ikaita, "Unapoa! Amueni!"

Tulikuwa tumeshageuka, tunakuja nyumbani. Mlango unaonekana. Mlangoni Fadina amebaki meno na hereni tu. Mkataba mkononi mwangu umeanza kuwa mgumu kwenye kingo. Nikaingia ndani mimi kwanza, nikaacha mlango wazi, nikasimama kwenye zulia na kumwacha yeye nje kwenye mchanga.

"Hodi," akasema Gesi.

Siku nzima nilikuwa nimelisema jibu la hodi kama mtu anayepiga chafya. Safari hii nilimtazama kwanza. Koki yake, kutu kwenye shingo, mchanga kwenye kitako. Nikamtazama mpaka nikamaliza.

"Karibu," nikamwambia.

"Sahihi," ikasema mita, ikavua miwani.

Taa zote zikawaka, mchana ule, pamoja na ile ya chooni iliyoungua tangu mwaka juzi. Mwanga ukamwangukia Fadina, ukamwangukia mteja wake, Mzee Likapa, wafuaji wa uani, na watu wengine wawili ambao hawakuwa wapangaji wangu na sikuwauliza walikotoka. Haukumuuliza mtu jina. Fadina akaangalia mikono yake, akaona ipo, akaendelea na mstari aliouacha.

"Da Somoe, ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Tulikuwa tunakusengenya hapa, ukakosa."

"Anzeni mwanzo," nikasema, nikakaa.

Hapo ndipo nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Nilibaki kitandani kidogo, nikisikiliza. Redio ya Mzee Likapa ilikuwa inaongea na yeye anaijibu. Jikoni kulikuwa na sufuria. Nje nilisikia ufagio wa Fadina unaanza, halafu ukasimama.

"Da Somoe," akaniita dirishani, "jana ulipata mgeni?"

"Kwa nini?"

"Njoo uone mchanga huu."

Nikatoka na kanga ya kulalia. Kwenye mchanga wa mbele ya nyumba, kuanzia mlangoni kwenda barabarani, kulikuwa na nyayo za kandambili zangu. Pembeni yake kulikuwa na duara, na duara jingine, na jingine, kila moja saizi ya kitako cha mtungi, yameachana hatua mojamoja. Zinakwenda mpaka njia panda na kurudi. Nikazifuata kwa macho. Kwenda mara tatu, kurudi mara tatu.

Duara la mwisho lilikuwa limeelekea ndani, limegusa kizingiti.

Fadina alikuwa ameinua ufagio, ananingoja niseme kitu.

"Hapo usifagie kwanza," nikamwambia. "Halafu kwenye chai ongeza kikombe kimoja."